Steringi aliyechelewa siku nne

Leo naomba tuzungumze habari za sinema, na usishtuke. Tutafika kwenye Neno, lakini tutapitia kibandani kwanza.

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza, mtafsiri akimpa jambazi wa New York maneno ya Manzese, unazijua sheria za picha. Sheria ya kwanza: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kutupwa ghorofani, kufungiwa ndani ya gari linalowaka moto, lakini hafi. Mtoto mdogo akianza kulia, kaka yake humnong'oneza maneno hayo mawili, naye hunyamaza. Sheria ya pili: adui huongea sana. Badala ya kumaliza kazi, anasimama kueleza mpango wake wote tangu alivyouanza, na hotuba hiyo ndiyo inayompa steringi muda wa kufungua kamba. Sheria ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: steringi anawahi. Bomu limebakiza sekunde moja, daraja limeanza kukatika, mtoto ameshaanguka kutoka dirishani, na hapo ndipo anapotokea. Hajawahi kufika msiba ukiwa umekwisha.

Mimi ni mpenzi wa picha hizi, hasa za mashujaa wanaopaa, wanaotambaa ukutani na wanaosimamisha treni kwa kifua. Sioni haya kulisema siku ya Jumapili. Na mpenzi wa kweli ni yule anayejua pia kumcheka ampendaye, kwa hiyo tuanze na kucheka.

Mwangalie Superman. Mchana anaitwa Clark Kent na anafanya kazi katika ofisi ya gazeti. Amezungukwa na waandishi ambao mkate wao ni kuchunguza mambo, lakini hakuna anayegundua kwamba jamaa wa meza ya pili ndiye yule anayepamba ukurasa wa mbele kila siku. Kwa nini? Kwa sababu amevaa miwani. Mhariri anayeweza kudanganywa na miwani hapa kwetu asingemaliza wiki kazini.

Halafu kuna ile kaptula nyekundu juu ya suruali. Wanaojua historia wanasema vazi hilo liliigwa kwa wanaume wenye misuli waliokuwa wakionyesha nguvu zao kwenye sarakasi. Filamu ya mwaka 2013 iliiondoa kaptula, ile ya 2025 ikairudisha, na mashabiki tukabishana kama kamati ya ujenzi wa kanisa inayochagua rangi ya bati. Batman naye, aliyeanza kuchorwa mwaka 1939, ni tajiri mwenye mtumishi wa nyumbani, na sijawahi kuona picha inayoeleza vizuri ni nani anayefua lile joho usiku baada ya usiku. Wa karibu zaidi na sisi ni Spider-Man, wa mwaka 1962: kijana yatima aliyelelewa na shangazi yake, mfuko mtupu, na nguo ya kazi ameishona mwenyewe.

Sisi mashabiki tuna hata liturujia yetu. Tangu Iron Man ya mwaka 2008, tumefundishwa kwamba picha ikiisha hatuinuki. Tunakaa gizani majina ya wafanyakazi yakipanda kwenye kioo, mamia kwa mamia, tukisubiri kipande kidogo kilichofichwa mwishoni. Aprili 2018 tulipata mtihani mkubwa zaidi. Avengers: Infinity War iliisha mashujaa wakiwa wameshindwa. Adui alipiga kidole, na nusu ya viumbe wote wakageuka vumbi. Watu walitoka ukumbini kimya, wakangoja mwaka mzima, hadi Aprili 2019 ilipotoka sehemu ya pili. Nakumbuka nikiwaza wakati huo: mashabiki angalau tuliambiwa kwamba sehemu ya pili ipo. Wanafunzi wa Yesu, Jumamosi ile baada ya msalaba, walijifungia ndani wakidhani picha imeisha.

Sasa, ndugu yangu, tuache kucheka kidogo tuulize swali. Hamu hii ya kuona mtu akifika kwa wakati inatoka wapi?

Twende Cleveland, mji wa viwanda katika jimbo la Ohio, Marekani. Huko waliishi vijana wawili wa familia za Kiyahudi zilizohamia kutoka Ulaya, Jerry Siegel aliyekuwa akiandika na Joe Shuster aliyekuwa akichora. Mwaka 1932, Jerry akiwa na umri wa miaka 17, wezi waliingia kwenye duka la nguo la baba yake. Moyo wa mzee ulishindwa kustahimili, akafariki. Miaka 6 baadaye, mwaka 1938, kijana huyo na rafiki yake walimpa ulimwengu Superman, mtu ambaye risasi humgonga kifuani zikadondoka, na ambaye kilio kikipigwa mahali popote, yeye husikia na kufika. Wapo waandishi wanaoamini kwamba mtu asiyepenya risasi alizaliwa kwenye msiba wa duka lile. Sitaapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini mtu yeyote aliyefiwa ataelewa kwa nini jambo hilo linasadikika. Steringi anayewahi anafanana na mtoto wa nyumba ambamo hakuna aliyewahi.

Naamini ndiyo maana picha hizi zinatushika hata sisi tulio mbali na Cleveland. Wewe unayesoma gazeti hili asubuhi ya leo, pengine kuna usiku ulipiga magoti kando ya kitanda cha mgonjwa, ukaita jina la Bwana kwa sauti iliyokauka. Ulifunga, ulikesha, uliwaomba wapendwa wakusaidie kuomba. Ulijua kwamba anaweza. Hakuja akipaa kupitia dirishani. Kulikucha, ukaanza kupiga simu kuwaita ndugu waje kwa ajili ya mazishi. Na siku zilizofuata watu wakakwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nawe ukaitikia amina, kwa sababu mfiwa habishani na wageni. Lakini moyoni ulibaki na swali ambalo hujamwambia hata mchungaji wako: mbona hakuwahi?

Swali hilo si dhambi. Limo katika Injili, na limeulizwa mbele ya Yesu mwenyewe, na watu aliowapenda.

Fungua Yohana sura ya 11. Lazaro wa Bethania anaumwa. Dada zake, Martha na Mariamu, wanatuma ujumbe kwa Yesu. Hawamwambii hata cha kufanya. Wanamkumbusha tu kwamba mgonjwa ni rafiki yake. Kama hii ingekuwa picha ya kibandani, muziki ungebadilika, joho lingepepea, na steringi angefika mgonjwa akivuta pumzi ya mwisho. Yohana anatuandikia kitu ambacho hakuna mtunzi wa filamu angethubutu kukiandika: Yesu alipopata habari alikaa siku 2 zaidi pale pale alipokuwa. Alipofika Bethania, Lazaro alikuwa na siku 4 kaburini. Msiba ulikuwa umejaa watu. Matanga yalikuwa yameshakaa.

Martha akatoka kumpokea njiani na kumwambia wazi kwamba kama angekuwapo, kaka yao asingekufa. Baadaye Mariamu akaja, akaanguka miguuni pake, akamwambia neno lile lile. Inaelekea dada hao walikuwa wamelirudia baina yao kwa siku zote nne. Na Yesu hakumkemea yeyote. Hakumwambia Martha kwamba amepungukiwa imani, wala hakumuuliza Mariamu kama familia ilikuwa na dhambi iliyofichwa. Alipomwona Mariamu analia, na watu waliokuja naye wanalia, alifadhaika rohoni, akalia machozi.

Nimetazama picha nyingi za mashujaa na sikumbuki shujaa aliyekuja kwenye tatizo akaanza kwa kulia na wafiwa. Shujaa hana muda huo. Akimaliza kazi moja anarukia nyingine, na wenye mji wanabaki kufagia vioo. Yesu alijua kwamba dakika chache baadaye atamwita Lazaro atoke. Angeweza kuyaruka machozi aende moja kwa moja kwenye muujiza. Hakuyaruka. Aliona kwamba huzuni ya dada wawili inastahili kuliliwa, hata kama ina mwisho.

Kisha alimfufua. Naam, na tunamsifu kwa hilo. Lakini usisahau kwamba Lazaro siku moja alikufa tena, kama sote. Muujiza wa Bethania ulikuwa ishara ya jambo kubwa zaidi lililokuwa linakuja, na jambo hilo lilimpitisha Yesu mwenyewe kaburini.

Hapa ndipo miwani ya Clark Kent inapotufundisha theolojia. Clark Kent ni maigizo. Chini ya shati kuna vazi la shujaa, na chini ya vazi kuna mwili usiopenya risasi. Anajikwaa makusudi, anaogopa makusudi, ili aonekane kama sisi. Katika karne za mwanzo za Kanisa walikuwapo watu waliomfundisha Yesu namna hiyo hiyo. Walisema alionekana tu kuwa mtu, na kwamba njaa yake, jasho lake na mateso yake yalikuwa ya kuonekana machoni. Kanisa liliyakataa mafundisho hayo kwa nguvu zote. Ignatio, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2 alikuwa akisafirishwa kwenda kuuawa Roma, na njiani aliandika barua kuyapinga. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyefungwa: ikiwa Kristo aliteseka kwa kuonekana tu, basi mimi nimebeba minyororo hii kwa ajili ya nini?

Hoja hiyo bado ina nguvu katika wodi ya hospitali. Ikiwa Mwana wa Mungu alivaa ubinadamu kama Clark Kent anavyovaa miwani, basi hajui maumivu ya mgonjwa wako, ameyaigiza tu. Lakini Paulo, katika Wafilipi sura ya 2, anasema kwamba alijishusha, akawa mtumwa, akatii hata kufa. Ukifungua vifungo vya shati la Clark Kent unakutana na herufi S. Askari walipomvua Yesu nguo zake walikutana na ngozi, na ngozi hiyo ilikuwa imeshachanwa kwa mijeledi.

Si kwamba hakupata nafasi ya kuwa steringi. Alipewa mara mbili. Mara ya kwanza Shetani alimpandisha juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, malaika watamdaka. Hebu ifikirie kama mpenzi wa sinema: jengo refu, watu wengi chini, mtu anaruka, mabawa yanatokea angani. Ni kipande ambacho kingejaza ukumbi wowote. Yesu alikataa. Mara ya pili ilikuwa msalabani, pale waliopita njia walipomtaka ashuke ili wamwamini. Walikuwa wamekuja kutazama picha, na walikuwa wanadai sheria ya kwanza: steringi hafi. Naye akafa.

Hata watunzi wa filamu huko Marekani wanajua kwamba hapo ndipo penye uzito. Mwaka 2019, katika ile sehemu ya pili tuliyoingoja, Tony Stark, tajiri mwenye majivuno ambaye tulimfuata tangu 2008, aliwaokoa wengine kwa gharama ya uhai wake. Watu wazima walilia ukumbini. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa ametuchekesha kwa maringo na mashine zake, lakini siku tuliyompenda kweli ni siku aliyovunja sheria ya kibanda.

Na Yesu alipofufuka, alifufuka tofauti na mashujaa. Wolverine, shujaa mwenye makucha ya chuma, akikatwa hupona mara moja na ngozi hurudi kama mpya. Yesu alimtokea Tomaso akiwa bado na alama za misumari. Mwili wa utukufu umebeba makovu. Kwa hiyo wewe uliyebaki na kovu la usiku ule, usidhani kwamba imani ya kweli ni ile isiyoonyesha alama.

Ndugu msomaji, siandiki haya kwa ajili ya kujadili filamu tu. Naona hatari katika nyumba zetu za ibada. Tumeanza kumtafuta steringi madhabahuni. Tazama baadhi ya mabango yanayotangaza mikutano: mtumishi amesimama mikono kifuani, nyuma yake radi zinapiga na moto unawaka, na chini yake kuna cheo kirefu kuliko jina. Ukimwondolea Biblia mkononi, bango lingeweza kutundikwa kwenye mlango wa jumba la sinema. Na sisi tunaingia kama watazamaji, tunalipa kiingilio kwa jina la sadaka, tunakaa tukisubiri apae.

Madhara yake si ya kuchekesha. Steringi wa madhabahuni hawezi kukubali kwamba ameshindwa, kwa sababu sheria haimruhusu. Kwa hiyo mgonjwa asipopona, lawama inarudi kwa mgonjwa: hakuamini vya kutosha, hakutoa vya kutosha, nyumbani kwao kuna laana. Wapo walioambiwa waache dawa za kisukari, za shinikizo la damu, za kufubaza virusi vya Ukimwi, ili waonyeshe imani. Tumewazika. Yesu hakumfanyia Martha hivyo. Mtumishi anayemlaumu mfiwa ili kulinda jina lake amejifunza kwa Superman, hakujifunza Bethania.

Naomba nieleweke. Naamini Mungu anaponya. Nimeona maombi yakijibiwa, na Jumapili ya leo nitaomba tena kwa ajili ya wagonjwa. Ninachosema ni kwamba Mungu wetu hakutuahidi kuwahi kama wanavyowahi wa kwenye sinema. Alituahidi kuwa pamoja nasi, na mara nyingi anatimiza ahadi hiyo kwa kutumia watu wanaokuja kwa miguu.

Wakumbuke wale vijana wawili wa Cleveland. Waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Mwaka 2024 nakala moja tu ya lile toleo la kwanza la mwaka 1938, lililouzwa wakati ule kwa senti 10, ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Siegel na Shuster hawakuona utajiri huo. Walifika uzeeni wakihangaika; Shuster, ambaye mkono wake ulimchora mtu mwenye macho ya kupenya ukuta, alikuwa karibu kipofu. Superman hakushuka kuwasaidia. Waliowasaidia ni wachoraji wenzao, akiwamo Neal Adams na Jerry Robinson, waliopiga simu, wakaenda kwenye magazeti na televisheni, wakakataa kunyamaza. Mwaka 1975 kampuni ilikubali kuwalipa wazee hao dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao.

Mkumbuke pia Christopher Reeve, aliyecheza Superman katika filamu ya mwaka 1978. Mwaka 1995 alianguka kutoka juu ya farasi, akapooza kuanzia shingoni. Mtu ambaye watoto wa dunia nzima walimwona akiruka hakuweza tena kupumua bila mashine. Siku moja, akiwa amelala hospitalini, aliingia daktari asiyemjua, amevaa mavazi ya chumba cha upasuaji, akizungumza kwa lafudhi ya Kirusi na kutangaza vipimo vya ajabu ajabu. Alikuwa rafiki yake, mchekeshaji Robin Williams. Reeve alisimulia baadaye kwamba alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali, akajua kwamba maisha yataendelea. Rafiki huyo hakuponya uti wa mgongo wa mtu. Alikuja tu, amejifunika uso, akamchekesha Superman. Na mkewe, Dana, alikuwa naye hadi alipofariki mwaka 2004.

Au mkumbuke Chadwick Boseman, mfalme wa Wakanda katika Black Panther ya mwaka 2018, picha iliyotufurahisha Afrika nzima, na ambayo ndani yake jirani zetu Wakenya walimwona binti yao Lupita Nyong'o. Katika mahojiano ya mwaka huo Boseman alisimulia habari za watoto wawili wenye saratani waliokuwa wakijitahidi kuishi hadi picha itoke. Hawakuwahi. Alipofika hapo alishindwa kuendelea, akalia. Waliomtazama walidhani ni machozi ya mtu mwenye huruma. Agosti 2020, alipofariki akiwa na miaka 43, tulijua kwamba naye alikuwa na saratani tangu 2016. Alikuwa akilia na wagonjwa wenzake.

Katika filamu hiyo hiyo kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Mfalme anashindwa vitani, anatupwa kwenye maporomoko ya maji, na kila mtu anaamini amekufa. Nani aliyemwokoa? Si shujaa mwenzake. Ni mvuvi aliyemkuta kando ya mto. Hatumwoni uso na hatuambiwi jina lake. Bila mvuvi huyo hakuna mfalme na hakuna sehemu ya mwisho.

Ndugu yangu, wewe na mimi hatutaweza kupaa. Hatuna joho wala makucha. Lakini uvuvi huo tunauweza. Katika mtaa wako yupo mtu aliyepigwa na maporomoko wiki hii. Yupo mama aliyemaliza arobaini ya mumewe na sasa simu zimekatika. Yupo kijana aliyepimwa akapewa majibu, na anazunguka nayo mfukoni. Yupo mzee ambaye watoto wake wanatuma fedha lakini hakuna anayekuja kukaa naye. Ukienda, usiende na hotuba. Hotuba ni kazi ya adui katika picha. Nenda na unga, na sabuni, na muda. Kama umechelewa siku 4, nenda hivyo hivyo. Bwana wako naye alifika siku ya nne. Ukimkuta analia, lia naye kwanza. Ukimkuta ameacha dawa kwa sababu ya imani, msindikize kliniki, kaa naye kwenye foleni, na mwombe Mungu pamoja naye palepale kwenye benchi. Na akikuuliza mbona Mungu hakuwahi, usikimbilie kumtetea Mungu. Yeye alilipokea swali hilo kwa Martha na Mariamu bila kukasirika.

Nilisema mashabiki tuna liturujia ya kukaa hadi majina yaishe. Wengi tunavumilia majina ili tupate kipande cha mwishoni. Waraka kwa Warumi nao una orodha kama hiyo, sura ya 16, na tunaifanyia vibaya zaidi: tukifika hapo tunafunga Biblia. Kwa sura 15 Paulo amefundisha mambo makubwa ya neema na wokovu, kisha anaanza kutaja majina. Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Priska na Akila, waliohatarisha shingo zao kwa ajili yake. Mariamu, aliyefanya kazi sana. Rufo na mama yake, ambaye Paulo anasema alikuwa mama kwake pia. Tertio, aliyeshika kalamu kuuandika waraka wenyewe, naye anapata nafasi ya kusalimia. Wa mwisho kusalimia anaitwa Kwarto, na tunachoambiwa juu yake ni kwamba alikuwa ndugu.

Hakuna hata mmoja wao aliyepaa. Mama yake Rufo hatujui alimfanyia nini Paulo. Pengine alimpikia, pengine alimuuguza, pengine alimfulia nguo baada ya safari ndefu. Lakini mtume aliyekuwa akipigwa mawe na kuvunjikiwa na jahazi alimkumbuka hadi akamwandika ndani ya Maandiko Matakatifu, na leo, karibu miaka 2,000 baadaye, tunamsoma.

Kwa hiyo ukienda kanisani leo, usiangalie madhabahu tu. Angalia nani anapanga viti, nani anafuta vumbi, nani amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Ibada ikiisha usiwe wa kwanza kutoka. Kaa mpaka majina yaishe, kisha umfuate yule wa benchi la nyuma, umuulize anaishi wapi, na umwambie utafika kwake jioni.

Nakutakia Jumapili njema, na Bwana aliyelia Bethania akae nawe.